Mosin-Nagant: Ogopa Chumvi Kuliko Teke

Rafiki akikualika uwanja wa shabaha huku Marekani na kukukabidhi Mosin-Nagant, bunduki ya zamani ya kijeshi ya Urusi, usihangaike sana na teke lake, yaani msukumo wake begani. Teke lipo, tena la nguvu, maana risasi yake ya 7.62x54R ni ya vita na kitako kina bamba la chuma lisilo na huruma. Kikaze kitako begani, usiache mwanya, utazoea. Mimi naogopa zaidi chumvi.

Risasi nyingi za akiba ya Kisovieti zina fataki (kiwashio cha baruti) zenye klorati ya potasiamu. Ikishaungua, huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani. Ukiiweka bunduki bila kuiosha, kutu inaanza kazi usiku huohuo. Mafuta peke yake hayasaidii, kwa sababu hayayeyushi chumvi. Kinachoiyeyusha ni maji. Chemsha maji, yamimine kuanzia nyuma ya mtutu yatokee mbele, futa uso wa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) kwa kitambaa chenye maji, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Fanya hivyo siku ileile, hata kama umechoka.

Adui wa pili ni grisi. Bunduki hizi zilihifadhiwa maghalani kwa miaka mingi zikiwa zimepakwa grisi nzito, na mabaki yake hujificha kwenye chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Mtutu ukipata moto, ganda la risasi linanata na bolti inagoma kunyanyuka. Nimeona watu wakiigonga kwa nyundo ya mpira huku mtutu ukiyumba kuelekea kwa majirani! Elekeza mtutu mbele, ondoa kidole kwenye triga, mwite msimamizi. Nyumbani, sugua chemba kwa brashi na kiyeyusho mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ikiwa umeinunua, mpe fundi wa bunduki aipime kwanza, maana viwanda vya ukarabati vilichanganya bolti za bunduki mbalimbali na kuzipiga namba upya.

Magazini inachukua risasi tano. Kila risasi ina ukingo kwenye kitako chake, hivyo hakikisha ukingo wa ile ya juu umekaa mbele ya ule wa chini, la sivyo zitang'ang'aniana. Kizuizi cha usalama ni kile kifundo cha nyuma ya bolti: unakivuta na kukizungusha kushoto. Ni kigumu mno. Mimi huacha bolti wazi na chemba tupu mpaka amri itolewe.

Ukivuta triga na kukawa kimya, usifungue bolti haraka. Baruti ya zamani inaweza kuchelewa kuwaka. Baki umelenga shabaha kwa sekunde 30 au zaidi, kama kanuni za uwanja zinavyosema.

Usishangae pia risasi zikipita juu ya shabaha ya mita 100. Modeli ya 91/30 ya bunduki hii ilirekebishwa shabaha ikiwa na singe mbele, na viwanja vingi havitakuruhusu kuivalisha. Lenga chini kidogo. Na kabla ya kununua risasi, uliza kama wanazipima kwa sumaku, kwani zenye chuma hukataliwa mlangoni.

SKS ya mwaka 1945, bunduki nyingine ya Kisovieti, ni ndugu yake mpole begani, lakini kwa nyingi pini ya kufyatulia inaelea bila springi. Ikinaswa na grisi, bunduki inaweza kujifyatulia yenyewe bolti inapofunga. Safisha njia ya pini hiyo kwanza, kisha ijaribu kwa risasi mbili tu.