Je, Sh 260,000 ni bei ya haki kufunga antena ya nje kwa televisheni mbili?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Niko Kibaha, nyumba ya bati, nina televisheni mbili, sebuleni na chumbani, kila moja na king'amuzi chake. Antena ya ndani inashika chaneli chache na picha inagandaganda. Fundi wa mtaani anataka Sh 260,000 kwa jumla: antena ya nje, bomba la mita 6, waya mita 25, splita na busta. Nimeulizia madukani: antena 40,000, bomba 50,000, waya 1,000 kwa mita, busta 35,000, splita 5,000; klempu, viunganishi na tepu jumla 21,000. Fundi umeme huku analipwa 40,000 kwa siku, msaidizi 20,000. Ananipiga?

JIBU: Kwenye ufundi hakupigi. Pa kuhoji ni busta, kifaa cha kukuza mawimbi.

Kwa bei zako, vifaa vyote ni 176,000, hivyo ufundi unabaki 84,000. Kusimamisha bomba, kupitisha waya darini hadi vyumba viwili, kutafuta mwelekeo na kupima ni kazi ya watu wawili kwa siku moja ikifanywa kwa utulivu. Kwa viwango vya huko hiyo ni 60,000. Hiyo 24,000 ya juu ni nauli, kubeba bomba na ngazi, na safari ya kurudi ikisumbua. Akikuandikia dhamana ya miezi mitatu, mlipe. Kama dhamana hana, 70,000 inamtosha. Nyongeza ndogo juu ya bei ya duka kwenye vifaa isikukere, kwa sababu kikifa kifaa ni yeye atakayekirudisha. Ila mwambie aandike mchanganuo, kila kifaa na bei yake. Jumla isiyo na mchanganuo huwezi kuijadili.

Sasa busta. Mafundi wengi huiweka kwenye kila kazi bila kupima. Waya wa antena wa aina ya RG6, kwenye masafa ya UHF yanayobeba televisheni, hupoteza takriban desibeli 18 (kipimo cha nguvu ya mawimbi) kwa mita 100. Kama chumbani kuna mita 20 kutoka kwenye antena, ni kama desibeli 3.6, na splita ya njia mbili, kigawanya waya, inakula karibu 4 nyingine. Mawimbi yanayofika ni kama sehemu moja kati ya sita ya yaliyotoka juu. Hesabu hiyo inatisha, lakini king'amuzi hakihitaji mengi, kinahitaji yawe safi. Antena nzuri ikiwa juu ya paa, mara nyingi inatosha.

Kwa hiyo mkubaliane busta inunuliwe baada ya kipimo. Afunge antena, splita na waya wote, kisha mfungue ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi cha chumbani, maana huko ndiko yanakofika dhaifu. Utaona pau mbili, ya nguvu na ya ubora. Iangalie zaidi hiyo ya ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, busta haitasaidia, itakuza na uchafu. Hapo tatizo ni mwelekeo, kiunganishi kibovu au mawimbi yanayorudi kutoka kwenye bati na majengo. Pau zote mbili zikiwa chini chumbani ilhali antena ikiunganishwa moja kwa moja bila splita zinapanda, basi busta ina kazi, na ikae juu karibu na antena, siyo nyuma ya televisheni. Jambo moja husahauliwa sana: busta ya juu hupandishiwa umeme kwa waya uleule wa antena. Splita ikiwa katikati na haipitishi umeme, busta inabaki imezimika na picha inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Bila busta, bei yako ni 225,000.

Waya usome maandishi yaliyochapishwa juu yake: RG6, omu 75. RG59 ni mwembamba na unapoteza zaidi. Ukikata kipande, uone karatasi ya fedha na msuko mnene juu yake. Msuko wa nyuzi chache ni wa bei ya chini, usilipie 1,000. Kiini cha chuma kilichopakwa shaba kwa mawimbi ya UHF hakina shida yoyote, ila mkiishia kuweka busta, shaba tupu hupeleka umeme wake vizuri zaidi. Viunganishi vya nje vizungushiwe tepu ya mpira, na kabla ya waya kuingia ndani uachwe ukining'inia kitanzi ili maji ya mvua yadondoke hapo. Maji yakishaingia kwenye waya, haukauki. Ni kununua mwingine.

Kabla ya kulipa, jaribu chaneli nyingi. Chaneli hubebwa kwa makundi kwenye masafa tofauti, kundi moja linaweza kung'aa huku jingine limekufa. Jaribuni kwenye vyumba vyote viwili kwa wakati mmoja. Na hakikisha splita imegawa waya wa antena kabla ya ving'amuzi. Wapo wanaogawa picha inayotoka kwenye king'amuzi kimoja, halafu chumbani mnalazimika kutazama alichochagua aliyeko sebuleni.

Mimi ningenunua vifaa mwenyewe kwa orodha yake, nikampa nusu ya ufundi asubuhi na nusu baada ya majaribio. Pasipo pa kuomba punguzo ni kwenye bomba: lishikwe ukutani na klempu mbili zilizoachana angalau nusu mita, siyo kufungwa kwa waya kwenye kenchi. Liunganishwe na fimbo ya ethi iliyozamishwa ardhini, na likae mbali na nyaya za TANESCO kwa zaidi ya urefu wake wa mita 6, ili hata likianguka lisizifikie. Fundi akikuambia hiyo nafasi haina umuhimu, tafuta mwingine hata kama bei yake ni nusu.