Maswali na majibu: Sheria mpya za viwanja vya makazi katika jimbo la Washington

Mwaka 2023 bunge la jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, lilipitisha sheria, zikiwemo HB 1110 na HB 1337 (HB ni kifupi cha Kiingereza cha muswada wa baraza la wawakilishi), ambazo zimepunguza sana uwezo wa miji kuamua kwamba kiwanja kimoja kibebe nyumba moja tu. Zinawagusa Waswahili wengi wanaoishi Kent, Seattle na Spokane, wawe wenye nyumba au wapangaji, na maswali yenu tunayajibu hapa.

Kwa nini serikali ya jimbo iingilie kazi ya madiwani wa mji?

Sheria ya usimamizi wa ukuaji ya mwaka 1990 iliitaka miji inayokua haraka iandae mipango kabambe, lakini iliiachia yenyewe iamue ni nyumba ngapi zijengwe na zikae wapi. Miji mingi iliendelea kutenga sehemu kubwa ya ardhi yake ya makazi kwa nyumba ya familia moja, na bei zikapanda mpaka walimu na wauguzi wakawa wanaishi mbali na kazi zao. Mwaka 2021 sheria ya HB 1220 iliagiza kwamba mipango hiyo ioneshe nafasi ya nyumba kwa watu wa kila kipato, na Idara ya Biashara ya jimbo ikakadiria kuwa zitahitajika zaidi ya nyumba milioni 1 katika miaka 20. Mimi naamini bunge lilifanya haki. Diwani huchaguliwa na watu ambao tayari wana makazi katika mji wake. Yule anayeshindwa kuhamia hapo kwa sababu ya bei hana kura hapo, na sauti yake haiwezi kusikika mahali pengine isipokuwa kwenye ngazi ya jimbo.

Nina kiwanja Kent chenye nyumba moja. Sasa naruhusiwa kujenga nini?

Kent ina watu zaidi ya 75,000, kwa hiyo iko katika kundi la miji ambayo sheria ya HB 1110 inailazimisha kuruhusu angalau nyumba 4 katika kila kiwanja cha makazi. Idadi hiyo hupanda hadi 6 ikiwa kiwanja kiko ndani ya robo maili, kwa mwendo wa miguu, kutoka kituo kikubwa cha usafiri, au ikiwa nyumba 2 kati ya hizo zitawekewa bei nafuu kwa miaka isiyopungua 50. Kituo kikubwa maana yake ni cha treni au cha mabasi ya mwendokasi, wala si kila kibao cha basi barabarani. Katika miji yenye watu kati ya 25,000 na 75,000, kiwango cha kawaida ni nyumba 2.

Sheria ya pili, HB 1337, inahusu nyumba ndogo za nyongeza, zile ambazo kwetu tungeziita nyumba za uani. Ndani ya mipaka ya ukuaji wa miji, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya mji kupanuka, kiwanja kinaruhusiwa kuwa na 2 kati ya hizo, mji hauwezi kukulazimisha uishi hapo mwenyewe, na hauwezi kuweka kikomo cha ukubwa kilicho chini ya futi za mraba 1,000. Unaweza hata kuiuza ile ya uani peke yake na kubaki na nyumba kubwa.

Hata hivyo, ruhusa ya sheria si kibali cha ujenzi. Mji bado unapanga kimo cha jengo, umbali wa kuacha kutoka mpakani, kiasi cha ardhi kinachoweza kufunikwa na paa, na ulinzi wa maeneo nyeti kama ardhi oevu na miteremko mikali, ilimradi masharti hayo yasiwe makali kuliko yale ya nyumba ya familia moja. Usisaini mkataba na mkandarasi kabla ya kwenda ofisi ya vibali ya mji wako ukiwa na namba ya kiwanja chako.

Jumuiya ya wenye nyumba katika mtaa wetu inasema mkataba wake unakataza nyumba ya pili. Nani ana neno la mwisho?

Tazama tarehe ya mkataba huo, yaani masharti ya mtaa yanayomfunga kila anayenunua nyumba hapo. Ulioandikwa baada ya Julai 23, 2023 hauwezi kukataza nyumba ambazo HB 1110 imeziruhusu, lakini wa zamani HB 1110 haikuufuta. Binafsi naona hili ni pengo kubwa, kwa sababu mitaa mingi ilijengwa chini ya mikataba ya namna hiyo. Ukitaka kununua nyumba kwa nia ya kuongeza nyingine, omba nakala ya mkataba kabla ya kulipa chochote.

Mji wetu ukikaa kimya je?

Kwa kaunti za King, Pierce, Snohomish na Kitsap, tarehe ya mwisho ya miji kupitisha kanuni za kutekeleza HB 1110 ilikuwa Juni 30, 2025. Mji ambao haujapitisha kanuni zake unatawaliwa na kanuni za mfano zilizoandaliwa na Idara ya Biashara.

Mimi ni mpangaji. Je, sheria hizi hazitawapa wawekezaji nafasi ya kubomoa nyumba tunazopanga?

Hofu hii ni ya haki, hasa kwa familia za wakimbizi na wahamiaji zilizopanga nyumba kuukuu za bei ya chini kusini mwa Seattle. Kiwanja kilichokuwa na nyumba moja kikianza kuruhusu 4, ardhi yake inaweza kumvutia mnunuzi mwenye fedha nyingi kuliko mwenye nyumba wa sasa. Bunge liliona jambo hilo: mji unaweza kuomba muda zaidi wa kutekeleza HB 1110 kwa maeneo ambayo uchambuzi umeonesha kuwa wakazi wake wako katika hatari ya kuondolewa. Lakini ombi hilo lazima litoke kwenye mji, na uchambuzi unaofanywa bila wapangaji kusema wanakoishi na wanacholipa utakuwa na mapengo. Uliza katika ofisi ya mipango miji kama mtaa wako umeorodheshwa, na kama haumo, peleka maoni kwa maandishi kabla ya kikao cha madiwani, kwa sababu maoni ya maandishi huingia katika kumbukumbu rasmi.