Vipodozi vya bei nafuu Kampala: ninavyonunua na ninavyokataa

Geuza kopo kwanza. Kabla ya kunusa, kabla ya kuuliza bei, kabla muuzaji hajakuambia kwamba hii ndiyo krimu inayotoka sana wiki hii, geuza usome nyuma. Kazi yangu ni kupamba maharusi. Wengi wanatoka Kibuli, Kisenyi na Bombo, na kabla sijagusa uso wa mtu huwa namwomba aje na kila anachojipaka nyumbani. Mifuko hiyo ya plastiki inayomwagwa juu ya meza yangu imenionyesha kwamba ngozi inafuata kilichomo ndani ya kopo, na kilichomo hakifuati bei. Nimeona nyuso nzuri sana zinazotunzwa kwa vitu vya dukani pembeni, na nyuso zilizoungua kwa krimu ya bei ya kodi ya nyumba.

Orodha ya viambato imepangwa kwa wingi. Kinachotajwa mwanzo ndicho kingi zaidi, na losheni karibu zote huanza na maji. Vile vilivyomo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote huko mwishoni. Basi ukiona mbele ya chupa pamechorwa papai au parachichi, litafute hilo tunda kwenye orodha. Likiwa limeandikwa nyuma ya manukato na vihifadhi, limo kwa tone tu, na unacholipia ni picha. Losheni ya kawaida ambayo glisirini inafuata maji moja kwa moja itakulainisha ngozi vizuri kuliko chupa ya kifahari iliyoiweka glisirini mkiani.

Tuanze na mafuta ya mgando, maana watu wanayadharau. Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, na hadi leo ni vigumu kupata kitu cha dukani kinachoyashinda kwa kuzuia maji yasitoroke kwenye ngozi. Kopo dogo unalipata kwa bei ya rolex (chapati ya kuviringishia mayai) mbili tatu za mtaani, na yanayotengenezwa hapa Uganda na Movit au Samona yanafanya kazi hiyo hiyo. Yapake ngozi ikiwa bado na unyevu baada ya kuoga, kwa sababu mafuta haya hayaleti maji, yanayafungia yaliyopo. Miguu, viwiko, midomo, mikono ya mama anayefua kila siku: hapo siwezi kukushauri utumie pesa zaidi.

Kama una ndugu Lira au Gulu, mwombe akuletee moo yaa, yaani siagi ya shea. Mti wa shea wa kaskazini mwa Uganda ni wa jamii ya nilotica, na siagi yake ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Huyeyuka ukiigusa tu. Kwa mwili mkavu sijaona kinachoipita. Kwa uso wenye mafuta na chunusi siipaki, ni nzito.

Usoni sabuni ya kipande ndiyo inayoharibu mambo mapema. Sabuni nyingi za kipande zina pH (kipimo cha asidi, namba ndogo ndiyo yenye asidi zaidi) ya 9 hadi 10, na ngozi yenyewe ina asidi kidogo, karibu 5. Zile za kuua vijidudu nazo hukausha, na watu wa ngozi ya mafuta ndio wanaozikimbilia. Uso unaovuta na kukaza baada ya kunawa umenyang'anywa kinga yake, kisha tunauongezea krimu tatu kurudisha tulichokitoa. Tafuta kioevu cha kunawia uso kisicho na manukato, cha bei ya chini kabisa utakachokipata, kwa sababu kinakaa usoni dakika moja kisha kinakwenda na maji. Tona, yale maji ya kupangusia uso baada ya kunawa, siinunui kabisa.

Pesa unayookoa hapo ipeleke kwenye krimu ya kukinga jua. Najua ni ghali hapa kwetu, na najua utaambiwa watu weusi hawaihitaji. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200, na jua la saa sita mchana halina msimu wa mapumziko. Ni kweli ngozi nyeusi haiungui upesi kama nyeupe. Lakini inaweka alama. Kila chunusi, kila mkwaruzo, kila kuumwa na mbu huacha doa, na jua hulikoleza hilo doa likakaa miezi. Anayenunua serumu ya madoa kisha akapanda boda boda mchana uso wazi anateka maji kwa pakacha.

SPF ni kipimo cha kinga kilichoandikwa kwenye chupa: SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, na SPF 50 asilimia 98, kwa hiyo usijinyime kwa ajili ya namba kubwa kupita hapo. Jinyime kidogo kwa ajili ya kiasi: chora mistari miwili, kwenye kidole cha shahada na cha kati, kutoka shina hadi ncha, hiyo ndiyo ya uso na shingo. Ukipaka tone dogo, ile namba ya kwenye chupa si yako. Zenye zinki oksidi au titani dioksidi nyingi huacha weupe kama wa majivu kwenye ngozi zetu, na hapo ndipo wengi wanapoiacha. Jaribu mgongoni mwa mkono dukani, usubiri kidogo ndipo ulipe.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, si miale ya UV tu, nao hukoleza mabaka kwenye ngozi nyeusi. Kinachouzuia ni oksidi za chuma, zile rangi za kahawia na nyekundu zinazotia rangi fondesheni. Kwa hiyo mwenye mabaka ya ujauzito anafaidika na krimu ya jua yenye rangi, au fondesheni yake ya kawaida juu ya ile isiyo na rangi. Kwake fondesheni ni urembo na ni kinga.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino hii habari ni ya uhai na kifo, kwani saratani ya ngozi huwavizia tangu ujana. Kule Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu iitwayo Kilisun mahsusi kwa ajili yao. Natamani kila nchi ya Afrika Mashariki ingekuwa na yake, bure, kwenye kila kituo cha afya.

Sasa krimu za kung'arisha. Bi harusi mmoja aliletwa kwangu na senga wake (shangazi yake), na kwenye mfuko kulikuwa na kikopo cheupe kisicho na jina, ndani krimu ya manjano iliyochanganywa na muuzaji wa kwenye jengo la maduka mjini.

"Senga, naomba unisamehe," nikasema, "hii sitaigusa, na bi harusi asiipake tena kabla daktari hajaiona."

"Mwanangu, wote wanaitumia. Na unaona alivyong'aa."

Ni kweli aling'aa. Ngozi ilikuwa nyembamba mpaka mishipa ya mashavuni ilionekana, na alisema akikaa karibu na jiko uso unawaka. Hizo ni dalili za dawa kama klobetasoli, steroidi kali inayotakiwa kutolewa na daktari kwa ugonjwa maalumu na kwa muda mfupi. Ikipakwa usoni kila siku hukondesha ngozi, huleta michirizi na chunusi, na ukiiacha ghafla uso hulipuka kwa wekundu na kuwasha, ndiyo maana mtu anairudia. Kama uko katika hali hiyo, usijiache peke yako. Nenda kliniki ya ngozi, hospitali ya Mulago wanayo, upeleke na kopo lenyewe, uelekezwe namna ya kuipunguza.

Mkorogo, yaani hizi krimu za kung'arisha za kuchanganywa, una mengine mawili. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha, ikitumika miaka inaweza kuacha mabaka ya bluu-nyeusi mashavuni, magumu sana kuondoka, yaani kinyume kabisa na ulichokuwa unakitafuta. Zebaki huharibu figo, na haikai kwa anayejipaka tu: inahamia kwenye taulo, kwenye mto, kwa mtoto unayembeba kifuani. Vyote viwili haviruhusiwi kwenye vipodozi Uganda, na bado vinapita. Nyuma ya kopo tafuta maneno "hydroquinone", "mercury", "mercurous" na "calomel", na yale yanayoanza na "clobetasol" au "betamethasone". Kopo lisilo na orodha kabisa, lirudishe mezani kwa muuzaji, hata akuitie majirani wote wa duka kutoa ushahidi.

Unayetaka madoa yapungue, na wala si kubadilisha rangi uliyopewa na Mungu, tafuta niasinamidi. Ni vitamini B3, iko kwenye losheni nyingi za bei ya kati, na asilimia 4 au 5 inatosha. Haina haraka. Inafanya kazi kwa miezi na inahitaji ile krimu ya jua niliyoieleza. Kwa chunusi zenyewe, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya 5 au 10 bila kuunguza sana. Kumbuka tu kwamba inatoa rangi kwenye taulo na foronya. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 ni nzuri kwa vichwa vyeusi puani. Mjamzito aulize mfamasia kwanza. Dawa ya meno juu ya chunusi huunguza tu, na maji ya ndimu usoni ukitoka nayo juani yanaweza kukuachia malengelenge na doa la wiki kadhaa.

Chochote kipya kijaribu nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko siku chache, na uongeze kitu kimoja kimoja. Ukianza vinne kwa pamoja na uso ukawasha, hutajua umtimue yupi.

Kuhusu mahali pa kununulia: mafuta ya mwili, pamba na sabuni za kuogea nazinunua Kikuubo, kwenye maduka ya jumla katikati ya mji, bila wasiwasi. Vya usoni nanunua kwenye duka la dawa lenye mfamasia, hata nikiongeza elfu mbili tatu. Mtaani kuna bandia nyingi, na hata kitu halisi kikianikwa juani kutwa nzima mbele ya kibanda kinaharibika. Angalia kama kifuniko kimefungwa, kama maandishi yamechapwa sawasawa, na tarehe ya mwisho. Kile kialama cha kopo lililofunguliwa chenye 6M au 12M kinakuambia miezi mingapi utumie tangu ulipofungua. Maskara mimi naitupa baada ya miezi mitatu, hata kama imebaki, kwa sababu jicho haliazimwi.

Upande wa rangi, poda, penseli ya nyusi na rangi ya mdomo nunua za bei nafuu na moyo utulie. Rangi ya mdomo ya kahawia-nyekundu ukiigonga kidogo kwa kidole mashavuni inatosha kuwa rangi ya mashavu. Fondesheni ndiyo ya kuongezea pesa kidogo, kwa sababu nyingi za bei ya chini zina weupe mwingi ndani na baada ya saa moja uso unageuka majivu. Usiijaribu kwenye kiganja wala kiwiko. Ipake pembeni ya taya, toka nje ya duka, simama kwenye mwanga wa mchana, mpe simu rafiki akupige picha. Ikipotea kwenye ngozi, ni yako. Kama hakuna inayopotea, nunua mbili ndogo, nyeusi zaidi na nyepesi zaidi, uchanganye. Ndivyo ninavyofanya kwa maharusi karibu wote. Na siku ya kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), chini ya hema, ndani ya gomesi (gauni refu la heshima), fondesheni nyembamba ndiyo inayofika jioni. Jasho likija, ligonge kwa tishu, usilifute, wala usiongeze poda juu yake.

Wanja wa unga unaouzwa kwenye vichupa bila jina siutumii kwa mtu yeyote, na nawasihi mama zangu wasiwapake watoto wachanga. Baadhi hutengenezwa kwa jiwe lenye madini ya risasi (lead), na madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Penseli ya kawaida yenye jina la kiwanda na orodha yake inatosha.

Piko nayo naikataa. Ile nyeusi ya haraka wanayochorea mikono ya maharusi mara nyingi ni rangi ya nywele, na ndani yake kuna kemikali iitwayo PPD ambayo inaweza kuchubua mkono kwa umbo lile lile la ua lililochorwa. Aliyeungua nayo mara moja huenda asiweze tena kutia rangi ya nywele maisha yake yote. Hina ya majani hutoka rangi ya chungwa kisha hukolea kuwa kahawia kwa siku moja au mbili. Inayotoka nyeusi tii papo hapo si hina tupu. Bi harusi anayetaka weusi namwomba aje siku mbili kabla ya harusi. Naikoroga hina yenyewe mbele yake, inalala mkononi usiku kucha, na asubuhi namwambia asiguse maji mapema.