Bamba la kaburi la askari likiibwa Marekani

Pole sana, ndugu. Umeuliza kama sheria inamlinda babu yako, askari wa zamani, baada ya bamba lake la shaba kung'olewa makaburini huko Marekani. Inamlinda. Sheria ya shirikisho ya 2003 inatoa kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayeharibu kwa makusudi kumbukumbu ya wanajeshi kwenye ardhi ya umma, mathalani ikiwa ardhi ni ya shirikisho au mhalifu alivuka mpaka wa jimbo. Kwingineko hutumika sheria za jimbo.

Wezi huliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Inaniuma mno, jina la mtu kupimwa kwa mizani! Piga picha matundu ya skrubu yaliyobaki kwenye jiwe, uripoti polisi leo. Kama bamba lilitolewa na serikali, Idara ya Maveterani hutoa jingine bila malipo.