Huyu McMillan wa Kilimambogo alikuwa mtoto wa nani?

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Juzi nimepanda Kilimambogo na wanangu, kufika pale kwa makaburi kijana akaniuliza, baba, huyu mzungu alikuwa nani mpaka azikwe mlimani? Nikakosa la kumwambia. Wengine husema alikuwa lodi wa Uingereza, wengine eti aliununua mlima mzima, na mamangu anamsifu sana kwa kutujengea ile maktaba ya McMillan pale Nairobi. Tupe ukoo wake, pesa alitoa wapi na watoto wake wako wapi siku hizi. – Baba wa watatu, Thika

JIBU: Baba wa watatu, asante kwa kuleta hili maana nimelizungukia miaka mingi.

Lodi hakuwa, na wala hakuzaliwa Mwingereza. William Northrup McMillan alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1872, hilo jina la Sir alikuja kupewa baadaye mwaka 1918. Babake naye aliitwa William, alitokea Kanada akahamia Missouri, akafungua kiwanda cha kutengeneza mabehewa ya reli, na mwaka 1899 kiwanda chake kikaungana na vingine ikawa kampuni moja kubwa mno, American Car and Foundry. Mzee alipofariki 1901 kijana akabaki na utajiri wa kutisha. Kwa hiyo pesa za shamba lake la Juja na za Kilimambogo zilitoka kwa mabehewa ya Marekani, si kwa kulima.

Akaja huku mwanzoni mwa miaka ya 1900, akapenda uwindaji, akajenga nyumba Juja, mpaka Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipokuja 1909 alimkaribisha hapo. Baadaye akaingia siasa, akakaa Legco, yaani baraza la kutunga sheria la koloni, kama mjumbe wa walowezi wa Ukamba, na kura za kiti chake zilipigwa na Wazungu tu. Kuhusu kununua mlima, hapo nisikufiche, serikali ya kikoloni ilishatunga sheria 1902 ya kuifanya ardhi iwe ya Mfalme halafu ikawa inawagawia walowezi, sasa Wakamba, Wakikuyu na Wamaasai waliokuwa wakilima na kuchunga pande hizo nani aliwauliza? Hiyo mwambie kijana wazi kabisa.

Sasa tuje kwa mamako. Mpe salamu zangu lakini mwambie maktaba hakuijenga yeye. McMillan alifariki 1925 akiwa ng'ambo, maktaba ikafunguliwa 1931, aliyehangaika nayo ni mkewe Lucie akisaidiwa na pesa za Carnegie, shirika la hisani la Marekani. Na kitu kilichonishika mimi nilipofuatilia ukoo huu ni kwamba mama mkwe wa Lucie, yaani mamake McMillan, alifanya vilevile! Northrup lilikuwa jina la kwao mama, Eliza Northrup, naye alipofiwa na mume akatoa pesa likajengwa bweni la wasichana Washington University kule St. Louis, likaitwa McMillan Hall. Mama mjane St. Louis, mkamwana mjane Nairobi, wote wawili wanajenga nyumba ya elimu, na jina linaloandikwa ukutani ni la mwanamume. Ukiniuliza mfadhili ni nani kwenye familia hii nitakutajia hao wanawake wawili.

Ila ufadhili wenyewe ulikuwa na mlango. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia maktaba ile miaka na miaka, ni ukoloni ulipokaribia kwisha ndipo mambo yakabadilika na 1962 baraza la jiji likaichukua. Mimi nimesoma pale nikiwa mwanafunzi, meza zile nazipenda, na bado huniuma nikiwaza babu yangu angefukuzwa kwenye ngazi zilezile.

Watoto hawakuwa nao. Hakuna mjukuu wa kutafuta. Lucie alibaki hapa Kenya mpaka akafariki 1957, na sehemu ya mlima aliitoa kwa serikali, ikaja kuwa mbuga 1967. Kuzikwa pale walipo inasimuliwa kwamba mzee alitaka kileleni, lakini alikuwa pandikizi la mtu na mlima ni mkali, jeneza likashindwa kufika juu wakamzika njiani.

Mkipanda tena usimwonyeshe kijana kaburi moja tu. Lucie yuko hapohapo kando yake.