uBlock na uBlock Origin si kitu kimoja
Ni programu mbili tofauti za kuzuia matangazo kwenye kivinjari, ingawa chimbuko lake ni moja: mtengenezaji wake, Raymond Hill, aliikabidhi uBlock kwa mtu mwingine mwaka 2015, kisha akaendeleza tawi lake mwenyewe, uBlock Origin, ambalo ndilo la kusakinisha. Kwenye Firefox linafanya kazi kikamilifu. Chrome, kwa kuwa imeachana na Manifest V2, yaani mfumo wa zamani wa programu za kuongeza kwenye kivinjari, inakubali uBlock Origin Lite tu, yenye uwezo mdogo zaidi kwa sababu haikagui kila ombi la mtandao yenyewe bali hukiachia kivinjari orodha ya kanuni. Kabla ya kubonyeza, soma jina la mtengenezaji chini ya jina la programu, na usiongeze kizuia matangazo cha pili, kwani huenda vikagongana.