Wageni wa kulala nyumbani: anza na chumba ulichonacho

Umeuliza ukope ujenge vyumba vya wageni wa kulipia au uanze na kile kimoja cha ziada hapo kijijini mlimani, mi naona anza na hichohicho ndugu yangu, mgeni wa aina hii hafuati marumaru anafuata kukaa na watu. Ila blanketi ziwe nzito na choo kisafi kweli (hapo ndo wengi wanakosea), na baridi ikizidi usije ukamwekea jiko la mkaa chumbani, ile hewa yake inaua mtu usingizini. Mkiwa juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari hewa ni nyepesi, siku ya kwanza mgeni apumzike tu, kichwa kikimuuma asipande zaidi. Zamu za kupokea wageni na fungu la mapato la kijiji pangeni na majirani sasahivi, hela ikishaanza kuingia hamtaelewana.